Vijana wetu wa kusini wanaokwenda kusoma nje Septemba hii: tumeshapanga ya ada, ya akili zao je?

BintiShangani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Wazazi wangu mliomo humu, shikamooni.

Mwezi huu hapa Mtwara kila mtaa una nyumba inayomsafirisha mtoto. Huyu India, yule China, mwingine Uturuki, mwingine Uingereza. Vikao vinakaa, watu wanahesabu ada, viza, tiketi, koti la baridi, hadi korosho za kufunga kwenye begi zimeshatengwa. Ila sijakaa kwenye kikao hata kimoja ambacho mtu mzima ameuliza: huyu kijana akielemewa kule, atamwambia nani?

Nilisoma shahada ya uzamili Glasgow, sasa nafanya kazi hapa nyumbani. Ninachotaka kusema ni kimoja tu, mengine yote yanatoka humo: kinachowavunja wanafunzi wengi wa nje si baridi wala ugumu wa masomo peke yake. Ni kulazimika kuonekana uko sawa mbele ya watu waliokuchangia.

Huku kwetu mnajua inavyokuwa. Mtoto akipata nafasi, ukoo unakaa. Baba mdogo anatoa, shangazi anatoa, kikundi cha akina mama kinatoa, na wapo wanaoahidi kumalizia korosho zikishauzwa. Anapoondoka anabeba majina ya watu wote hao. Sasa amefeli somo moja, au hapati usingizi kabisa, ampigie nani? Kila namba aliyonayo kwenye simu ni ya mtu anayesubiri matokeo. Anajibu "niko poa, namshukuru Mungu", anakata, anarudi kitandani.

Nilikuwa na mwenzangu kule, kijana wa mikoa yetu hii. Kabla ya kupiga video nyumbani alikuwa anavaa shati lililopigwa pasi, anageuza kiti ili kamera ioneshe rafu ya vitabu na si kingine. Upande wa pili wa simu kulikuwa na sahani za wiki nzima, pazia lisilofunguliwa mchana wala usiku, na barua za chuo ambazo hata bahasha hazijachanwa. Mama yake alikuwa akisifu kwa majirani jinsi mwanawe alivyonawiri. Tulikuja kujua pale alipoacha kuja msikitini Ijumaa, jamaa wawili wakaenda kumgongea mlango hadi akafungua. Alipelekwa kwa daktari, akatibiwa, akasimamisha masomo kwa muda, baadaye akamaliza. Kwao hadi leo wanajua alichelewa kwa sababu ya "utafiti".

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mambo mawili ya vitendo kwa wanaokwenda nchi za baridi, kisha nitawaachia wengine. Kwanza mwanga. Sisi tumezoea jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Glasgow mwishoni mwa Desemba linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi kasorobo alasiri, tena mara nyingi nyuma ya mawingu. Mwanafunzi anaingia darasani giza, anatoka giza. Kuna sonona kabisa, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inayofuata majira, madaktari waliieleza rasmi mwaka 1984, na moja ya tiba zake ni taa maalumu ya mwanga mkali wa laksi 10,000, unakaa mbele yake kama nusu saa asubuhi. Hata bila taa, toka nje saa sita mchana kila siku, mvua isikuzuie. Na vitamini D: serikali ya Uingereza inashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku msimu wa vuli na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Ni vidonge vya bei ndogo, vipo madukani.

Pili hela, na hili ni la kwetu hasa. Muhula unaanza Septemba, minada ya korosho inaanza Oktoba na malipo yanakuja kidogo kidogo baada ya hapo. Kwa hiyo mtoto wa mkulima anafika na ada nusu, na miezi yake ya kwanza yote anaishi na barua za kudaiwa. Vyuo vingi vinakubali kulipwa kwa awamu, lakini lazima uombe mapema na ueleze kipato cha familia kinaingia lini. Familia iandae maelezo hayo kabla kijana hajapanda ndege. Asiachiwe akajieleze peke yake mbele ya ofisi ya fedha akiwa na siku chache tu nchini.

Waliosoma au wanaosoma nje, karibuni tuongezee. Naomba kuwasilisha.

---

Nangurukuru

Mleta uzi umeandika vizuri ila nitatofautiana nawe kidogo. Sisi tulisoma bweni, maji tunachota mbali, chakula ni dona na maharage muhula mzima, barua ya nyumbani inakuja mara moja. Hakuna aliyesema ana sonona. Vijana wa sasa wana simu, wanawaona wazazi wao kila siku, bado wanalalamika. Swala tano na nidhamu vinatosha.

---

MtotoWaMasasi

Mkuu Nangurukuru, kwa heshima kaka. Bwenini mlikuwa wangapi chumbani? Mlikula pamoja, mliadhibiwa pamoja, mkaugua pamoja. Mimi niko India mwaka wa pili. Muhula wa kwanza niliweza kumaliza siku tatu sijatamka neno la Kiswahili kwa mdomo, nimeandika tu kwenye simu. Ukipanga chumba, mwenye nyumba akikuona rangi anasema kimeshachukuliwa. Kwenye basi kiti cha pembeni yako kinabaki wazi watu wamesimama. Si wote wako hivyo, nina marafiki Wahindi wema sana, wawili wamenialika kwao sikukuu. Ila ukikutana na hayo asubuhi na jioni, nidhamu haikujibu kitu.

Kilichonisaidia ni kupika. Nilitafuta jamaa wengine wa Afrika Mashariki, Jumapili tunasonga ugali kwa mmoja wetu, kila mtu analeta anachoweza. Unga wa mahindi unapatikana, mbaazi zimejaa kila duka. Ming'oko tu, vile viazi vya porini vya kwetu, ndiyo nimeikosa. Mtu asipotokea Jumapili mbili, tunamfuata. Hatujaandika popote kwamba ndiyo kanuni, ila kila mtu anajua.

Na kwa walioko India: kuna namba ya serikali, 14416, inaitwa Tele-MANAS, ilianza Oktoba 2022. Bure, saa zote, unaongea na mshauri kwa Kiingereza ukitaka. Niliipiga usiku mmoja. Yule dada alinisikiliza bila haraka, hakuniuliza matokeo yangu.

---

Muuguzi Lindi

Nimefuatilia uzi tangu jana. Nafanya kazi hospitalini, niseme kidogo upande wa afya.

Nangurukuru, swala inasaidia, sitakupinga hapo. Mgonjwa mwenye imani na jamaa wa msikitini au kanisani mara nyingi anashikiliwa vizuri kuliko asiye na mtu. Lakini nidhamu haizuii sonona kama isivyozuia malaria. Ni ugonjwa, una dalili na una matibabu.

Hamu ya nyumbani si ugonjwa. Kila anayehama anaipata. Mtafiti mmoja, Kalervo Oberg, aliandika mwaka 1960 jinsi mgeni anavyopita hatua: mwanzo kila kitu kinapendeza, kisha kinafuata kipindi kizito cha kuchukia chakula, lugha, watu, hadi hewa ya pale, halafu taratibu mtu anazoea. Si kila mtu anafuata mpangilio huo, ila wazazi mjue hivi: kijana aliyewatumia picha za furaha mwezi wa kwanza anaweza kuwa hoi mwezi wa tatu. Kwa wanaoondoka Septemba hiyo ni Novemba na Desemba. Giza alilolisema mleta uzi linaingia, mitihani inakaribia, na huku nyumbani ndipo hela ya korosho imeingia, harusi na ngoma kila wiki, picha zinamiminika kwenye makundi ya WhatsApp. Anaziangalia peke yake chumbani.

Lini uache kusema "atazoea"? Tunaangalia wiki mbili. Ikiwa kwa siku nyingi ndani ya wiki mbili mtu ana huzuni au havutiwi tena na alivyovipenda, pamoja na mengine kama usingizi kuharibika (kukosa au kulala kupita kiasi), kula kubadilika, kuchoka bila kazi, kushindwa kusoma hata ukurasa mmoja, kujiona hana thamani, basi aonane na daktari. Wanaume wengi hawasemi huzuni. Wanakuwa wakali, wanaanza pombe, au wanalalamika kichwa na tumbo tu.

Akizungumzia kufa, au kwamba "mngepumzika kama nisingekuwepo", muulize wazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kunampa ruhusa ya kusema. Akikubali, asibaki peke yake. Mtafute aliye karibu naye kule, jirani wa hosteli, chuo, yeyote, na apelekwe huduma ya dharura. Uingereza kuna 116 123 ya kuzungumza na mtu saa yoyote bure, na ukipiga 111 England kisha ukabonyeza 2 unapata huduma ya afya ya akili. Kwa hatari ya papo hapo ni 999. Marekani na Kanada namba ya kuzungumza na mtu ni 988.

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi. Wengi wanaacha siku ya kumi wakisema hazijasaidia. Na asiziache ghafla akija likizo kwa sababu bibi amesema anakula sumu. Akiwa huku aje hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, aje na karatasi ya dawa anazotumia, aendelee.

---

Mama wa Newala

Wanangu mimi si mwandishi mzuri, naandikiwa na mjukuu. Nina kijana China anasomea udaktari mwaka wa tatu. Alikuwa anapiga kila wiki. Sasa tangu Juni nikipiga hapokei, anaandika tu "mama niko bize". Nikampigia saa tatu za usiku nikishaswali isha, siku zote kimya. Baba yake mdogo anasema kijana amerogwa na watu wenye wivu, arudishwe tukamtazame kwa mtaalamu. Wengine wanasema amepata mwanamke. Mimi moyo wangu unaniambia mwanangu haumwi mwili. Nifanyeje?

---

Mmahuta wa Wuhan

Shikamoo mama. Mimi nipo China mwaka wa nne, kwetu ni Mahuta, karibu na wewe kabisa.

Kwanza mama, saa. China wako mbele yetu saa tano. Ukimpigia saa tatu usiku huko, kwake ni saa nane za usiku. Mpigie saa nane mchana baada ya adhuhuri, kwake inakuwa saa moja jioni, ametoka darasani.

Pili, WhatsApp huku haifunguki bila programu ya kuzunguka kizuizi, na hizo zinakatika mara kwa mara. Wiki nyingine nakaa bila kuiona kabisa. Sisi wote huku tunatumia WeChat. Mjukuu akuwekee kwenye simu yako. Kujiunga mara nyingi inadai mtu mwenye akaunti tayari akuthibitishe, kwa hiyo msijaribu wenyewe mkakata tamaa. Wanaosafiri mwaka huu wafanye hilo wakiwa bado nyumbani, simu ya mama na ya baba zote ziwekwe, wajaribu kupigiana sebuleni.

Hayo ya simu yanaweza kueleza sehemu. Ila sitakudanganya, mama. "Niko bize" tangu Juni hata mimi niliwahi kuiandika. Mwaka wa tatu kwa udaktari tunaanza kuingia wodini na wagonjwa wanaongea Kichina tu. Darasani tulifundishwa kwa Kiingereza, wodini bibi mgonjwa anakueleza maumivu yake humwelewi, daktari anakutazama. Nilijiona mjinga mbele ya kila mtu. Nyumbani wananiita "daktari" kila nikipiga. Nikaacha kupiga.

---

BintiShangani

Mama shikamoo. Soma hilo la mwisho la Mmahuta mara mbili, mwambie mjukuu alirudie.

Wapo wazazi wengi wanaomwita mtoto "daktari" au "injinia" kwa mapenzi tupu, na ni haki yao kujivunia. Ila kwa wiki anayojiona ameshindwa, jina hilo linafunga mdomo. Mwite jina lake. Lile la utotoni kama lipo ni bora zaidi.

Kuhusu kumrudisha haraka: mama, usikubali tiketi ikatwe kabla hamjaongea naye. Kumtoa mtu masomoni bila utaratibu kunaweza kumharibia viza na nafasi. Nazungumzia Uingereza ninayoijua: ukisimamisha masomo, chuo kinalazimika kuwaarifu uhamiaji, na viza inaweza kufupishwa. Si kwamba usisimamishe ukiwa mgonjwa, la. Lakini kwanza unakaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni wakueleze njia zote: kuahirisha mitihani, kupunguziwa mzigo, au likizo ya ugonjwa. Kila nchi ina kanuni yake, aulize chuoni kwake.

Na vijana mlioko nje mnaosoma uzi huu mkiogopa: kumwona mshauri nasaha wa chuo hakukufutii viza, na hawapigi simu nyumbani kusimulia. Wewe ni mtu mzima, siri ni yako. Wanavunja siri pale tu maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini.

---

Nangurukuru

Nimesoma yote. Kuhusu wodini na lugha, hilo sikuwahi kulifikiria. Bado naamini vijana wanahitaji kukazwa. Ila mama, huyo baba mdogo mwambie asubiri.

---

Kaditama_Ankara

Mimi Uturuki. Saa ni sawasawa na Tanzania kwa hiyo simu si tatizo. Tatizo langu lilikuwa mwaka wa kwanza wote ni wa lugha, wenzangu nyumbani wameshaanza mwaka wa pili wa shahada, mimi bado najifunza kuomba mkate. Ndugu wakiuliza "unasoma nini" naona aibu. Mtu angeniambia mapema kwamba mwaka huo ni wa kawaida na kwamba karibu kila anayepata ufadhili wa serikali ya Uturuki anaupitia, ningelala vizuri. Basi nawaambia wanaokuja: ni wa kawaida.

Jingine, pesa. Nyumbani wanadhani ukiwa nje una hela. Nilikuwa najibana chakula nitume pesa ya bati. Hakuna aliyenilazimisha, ila ombi likija kila mwezi ni shida kusema sina. Familia zikubaliane kabisa kabla ya safari: mwanafunzi haombwi.

---

BintiShangani

Kaditama hilo la pesa liandikwe kwa wino mwekundu. Uingereza viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu saa 20 tu za kazi kwa wiki muhula ukiwa unaendelea. Nimeona watu wakifanya zamu za usiku ghalani kupita kiwango ili watume nyumbani, wanalala kwa muda wa saa tatu tu, darasani wanasinzia, wanafeli, halafu wanaficha kufeli. Usingizi ukishaondoka kila kitu kinafuata. Ningekuwa na uwezo wa kumpa msafiri ushauri mmoja ningempa huo: linda usingizi kuliko hata kitabu.

---

Mama wa Newala

Asanteni wanangu. Leo nimempigia saa nane mchana. Hakupokea ila ameandika, "mama nitapiga Jumapili." Ni mara ya kwanza ataje siku. Nimuulize habari za chuo au ninyamaze? Baba yake mdogo anataka awepo.

---

BintiShangani

Mama, baba mdogo asiwepo mara hii. Mwambie atasalimiana naye siku nyingine. Kaa mahali pa peke yako, mjukuu akishakufungulia simu naye atoke.

Ya chuo usianze nayo. Muulize amekula nini jana, analala saa ngapi, nani anamtembelea. Mweleze habari ndogondogo za hapo: nani kahamia, mbuzi kazaa, mvua imeonekana au la. Akinyamaza, nawe nyamaza naye, usikate. Akisema amefeli, usilie kwenye simu ukiweza, na usimwambie "sasa nitawaambia nini watu". Mwambie: hayo ya watu niachie mimi. Kisha muulize anataka nini kifanyike, na kama kule chuoni kuna mtu yeyote amemwambia. Kama hakuna, mwombe aende kwa mshauri wa chuo wiki hiyohiyo na akupigie akitoka.

Na kama atasema neno lolote la kukata tamaa ya kuishi, muulize wazi kama alivyoeleza Muuguzi Lindi hapo juu, na uandike humu au PM (ujumbe wa faragha) mara moja, saa yoyote.

---

Mmahuta wa Wuhan

Mama, mjukuu aniandikie PM leo nikuthibitishie WeChat kabla ya Jumapili. Na kama kijana atakubali, nipe jina la mji alipo. Watanzania tupo miji mingi huku, naweza kupata mtu wa kumfikia kwa treni siku hiyohiyo, si kumchunguza, kula naye tu.

---

Mama wa Newala

Mjukuu ameshakuandikia. Mji nitauuliza kwake mwenyewe Jumapili, akikubali nitakupa.